Gurudumu la Kukata Upepo na Chumvi ya Pwani

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi jioni mjini Mombasa, mbele ya waendesha baiskeli na wanariadha wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, ndugu zangu waendesha baiskeli, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka mazoezini na bado mnajifuta jasho, nawasalimu: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie magurudumu ya kukata upepo, yale yenye ringi za kina kirefu, yaani nene kutoka kwenye tairi kuelekea kitovuni, ambayo kila mmoja wetu huyatamani anapoyaona kwenye picha za mashindano ya ng'ambo. Aliyenialika aliniuliza ni gurudumu gani lililo bora. Nilimjibu kwamba swali hilo mimi silijui, ila najua swali jingine: ni gurudumu gani ambalo mtu wa Mombasa anaweza kulinunua bila kuuza shamba, akalishindania mwaka huu, na mwaka wa nne bado likawa linazunguka? Hilo ndilo nililokuja kulijibu.

Mimi ni fundi, na marehemu baba yangu alikuwa fundi. Alikaa miaka mingi chini ya mkungu kule Mwembe Tayari akiunga spoki za baiskeli za mizigo, zile zilizobeba mikate, madafu na magunia ya makaa. Mteja akimletea gurudumu jipya alisifie, baba hakulitazama. Alilishika, akalizungusha, kisha akapita na ukucha kwenye spoki moja moja kama mtu anayejaribu nyuzi za udi, na akasikiliza. Spoki zikitoa sauti zinazokaribiana, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Moja ikilia chini na nyingine juu, alilirudisha gurudumu mikononi mwa mwenyewe bila neno. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa hiyo naomba mliweke akilini.

Tuanze na upepo wenyewe. Kwa nini mtu atumie fedha zake kununua ringi yenye kina? Kwa sababu mwendo ukipanda, hewa hugeuka kuwa ukuta. Ukiwa unakwenda kilomita 30 kwa saa na ukataka kufika 40, mwendo umeongeza theluthi moja tu, lakini nguvu unayotakiwa kuitoa kwa ajili ya kusukuma hewa imezidi mara mbili. Na katika triathloni, isipokuwa kwenye mashindano machache ambayo kanuni zinaruhusu kufuatana, hakuna mtu wa kujificha nyuma yake. Iwe ni kilomita 40 za masafa ya Olimpiki, 90 za masafa ya kati au 180 za masafa marefu, uko peke yako na upepo wako, na bado mwilini unatakiwa ubakishe miguu ya kukimbilia.

Sasa, hewa hiyo inagonga nini? Ndugu zangu, hapa ndipo wauza magurudumu hawapendi tufike. Sehemu kubwa zaidi ya ukinzani hutoka kwenye mwili wa mwendeshaji: kifua, mabega, mikono na kichwa. Magurudumu yanafuata mbali kidogo.

Mnakumbuka, au mmesimuliwa, fainali ya Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ya mwaka 1989? Tarehe 23 Julai, Laurent Fignon wa Ufaransa alianza hatua ya mwisho akimtangulia Greg LeMond wa Marekani kwa sekunde 50, na iliyobaki ilikuwa kilomita 24.5 tu za kukimbizana na saa, kutoka Versailles hadi Paris. Fignon alipanda kichwa wazi, nywele zake zimefungwa nyuma zikipepea, mikono imetawanyika kwenye usukani wenye umbo la pembe za ng'ombe. Gurudumu la sahani, yaani lililofunikwa lote, hakulikosa. LeMond alivaa kofia ya kuchonga upepo na akafunga kwenye usukani wake vile vyuma vya kulalia viwiko, ambavyo wakati ule vilikuwa vimetoka kwetu, kwa watu wa triathloni, na wengi wa waendesha baiskeli wa mbio za barabarani waliviona kama kichekesho. Alipofika alikuwa amemshinda mwenzake kwa sekunde 58, na akachukua Tour nzima kwa sekunde 8, tofauti ambayo hadi leo ndiyo ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano yale. Wahenga wetu walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. LeMond aliinama.

Kwa hiyo, kama bado hujafunga vyuma vya kulalia, kama kiti chako hakijapimwa, kama nguo yako ya mashindano inapepea kama tanga lililolegea, basi usiniulize gurudumu. Weka fedha zako mfukoni, tutazungumza mwakani.

Nyinyi mliobaki, tuendelee. Gurudumu lina jambo moja ambalo sehemu nyingine za baiskeli hazina: linazunguka huku linasonga mbele. Ukienda kilomita 36 kwa saa, sehemu ya ringi iliyogusa lami imesimama kwa kitambo hicho kidogo, na ile iliyo juu kabisa inakwenda kilomita 72 kwa saa kuelekea mbele. Spoki za juu zinaipiga hewa kama mwiko unavyokoroga uji. Ringi yenye kina hufupisha spoki, huficha sehemu yake, na huipitisha hewa iliyoachwa na tairi ili itoke nyuma kwa utulivu. Faida yake ni ya kweli, ila haizidi dakika moja hivi kwa kilomita 40 ukilinganisha na ringi nyembamba za zamani, na mara nyingi ni chini ya hapo. Na msidhani faida hiyo ni ya mabingwa peke yao. Anayekwenda polepole hukaa barabarani muda mrefu zaidi, na kwa hiyo dakika anazookoa mwisho wa safari zinaweza kuwa nyingi kuliko za bingwa.

Upepo wetu wa hapa, hata hivyo, hauji kutoka mbele. Ni nani kati yenu hajaendesha barabara ya Malindi wakati wa kusi? Barabara inakwenda kaskazini ikiifuata pwani, na kusi linatoka baharini, kusini-mashariki, likikupiga ubavuni kwa upande wa kulia ukienda na kwa upande wa kushoto ukirudi. Mabaharia wa mji huu hawahitaji kufundishwa kwamba upepo unaousikia ukiwa kwenye chombo kinachokwenda si ule unaousikia ukisimama bandarini. Baiskeli ni vivyo hivyo. Ukiwa kwenye kilomita 36 kwa saa na upepo wa ubavuni ni kilomita 10 tu kwa saa, hewa hukufikia kwa pembe ya nyuzi kama 15. Katika pembe kama hiyo ringi nzuri huanza kufanya kazi ya tanga: inauvuta upepo ukusaidie. Kisha pembe ikizidi, tanga hilo hilo linakugeuka.

Nitawasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliazima magurudumu yenye ringi za kina cha milimita 80, mbele na nyuma. Yalikuwa mazuri mno, meusi, yakivuma kama nyuki. Nilitoka Nyali alfajiri, na hadi Mtwapa nilikuwa nafikiri nimezaliwa upya. Nilipofika kwenye daraja la Mtwapa, pale ambapo nyumba na miti inaacha kukukinga kwa ghafla na kijito kinafunguka kwa upande wa bahari, kusi lilinipiga, na usukani ukageuka mikononi mwangu kama mtu ameunyang'anya. Nilihamishwa upana wa mita moja hivi. Nyuma yangu kulikuwa na lori la kokoto. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye busara, na ndiyo maana leo nazungumza nanyi. Kutoka pale hadi Kilifi niliendesha nimekaa wima, mikono kwenye breki, kifua wazi mbele ya upepo, nikipoteza kila nilichokipata na zaidi. Je, gurudumu lile lilikuwa la kasi? Lilikuwa la kasi, kwa mtu ambaye angeweza kubaki ameinama.

Funzo nililolipata pale ndilo ninalompa kila mteja: gurudumu la mbele na la nyuma si ndugu mapacha. La mbele limefungwa kwenye usukani, na upepo ukilisukuma linageuza njia yako. La nyuma limefungwa kwenye mwili wa baiskeli na wewe umelikalia. Kwa hiyo mbele chukua kina cha wastani, milimita 40 hadi 50, na kama uzito wako ni chini ya kilo 60 usione haya kubaki kwenye 40. Nyuma unaweza kwenda 60, au 80, au zaidi. Tazameni pia umbo. Ringi za zamani zilichongwa kama herufi V, ncha kali kwa ndani, na zilikuwa na tabia ya kushika upepo kisha kuuachia kwa ghafla, mshtuko unaoufikia usukani. Ringi za kisasa zina mgongo mnene wa mviringo kama herufi U, na upepo huziacha taratibu. Ukiona ringi ya bei nafuu ya umbo la V kali, imeuzwa nafuu kwa sababu.

Na sahani je? Mwaka 1984, huko Mexico City, Francesco Moser alivunja rekodi ya saa moja iliyokuwa ya Eddy Merckx tangu 1972. Merckx alikuwa ameendesha kilomita 49.431, na Moser akafika 51.151 akiwa na magurudumu ya sahani. Tangu siku ile hakuna aliyebisha kwamba gurudumu la nyuma lililofunikwa lote ndilo la kasi kuliko yote. Ubaya wake ni bei, kwani sahani ya kaboni ya kampuni kubwa hugharimu kama pikipiki mpya au zaidi. Lakini ndugu zangu, sikilizeni. Kuna vifuniko vya plastiki, mabamba mawili mepesi yanayofungwa kwa skrubu juu ya gurudumu la nyuma la kawaida, lile lile la mazoezi. Bei yake ni sehemu ndogo mno ya sahani kamili, na kazi yake inakaribia sana ile ya sahani. Mashindano mengi ya triathloni yanavikubali, ingawa yale ya baiskeli peke yake yanayofuata kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, hayavikubali, kwa hiyo soma kanuni za mashindano yako kabla ya kulipa. Kumbukeni pia kwamba kule Kona, Hawaii, kwa miaka mingi mashindano ya dunia ya Ironman, ile triathloni ya masafa marefu, yalikataza gurudumu la sahani kwa sababu ya upepo wa ubavuni, hata kwa nyuma. Siku ya upepo mkali, kifungue kifuniko chako. Ni skrubu chache tu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikata vifuniko vyake mwenyewe kutoka kwenye bamba la plastiki alilolipata kwa mchoraji wa mabango, akavibana, akaziba kingo kwa utepe. Watu walimcheka. Kazi yake haikuwa safi sana na kwenye mashimo ilikuwa inapiga kelele kama debe, lakini aliwapita waliomcheka. Mimi nilimrekebishia kingo bila malipo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo majarida ya Ulaya hayaliandiki, kwa sababu waandishi wake hawaishi kwenye kisiwa. Chumvi.

Miaka michache nyuma mteja wangu aliagiza kutoka ng'ambo magurudumu mepesi ya kaboni. Yalikuwa na sifa zote: mepesi, ya milimita 50, spoki 20 mbele na 24 nyuma. Nati ndogo zinazoshika spoki zilikuwa za alumini na zimefichwa ndani ya ringi. Aliendesha misimu miwili, akiosha baiskeli Jumapili kwa Jumapili, mtu msafi kabisa. Mwaka wa tatu alisikia mlio kama wa njugu ikipasuka. Kesho yake mlio mwingine. Nilipoivua tairi na kutazama ndani, nati zilikuwa zimegeuka unga mweupe. Aliyemuuzia alijibu kwa heshima kwamba dhamana haihusu kutu. Nati nilizibadilisha zote, moja moja, na kwa kuwa zilikuwa ndani ya ringi, kila nati mpya ilinilazimu kuipachika kipande cha chuma, kisha kuikokota kwa sumaku na subira hadi kwenye tundu lake. Kazi ilinichukua siku mbili.

Kwa nini ilitokea? Kaboni hupitisha umeme kama chuma. Alumini ikigusana na kaboni, na kati yao kukawa na maji ya chumvi, inakuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo ni alumini inayoliwa. Hewa ya hapa ina chumvi mchana na usiku, jasho lako lina chumvi, na maji ya mvua ya masika barabarani yana mchanga wa kulimalizia kazi. Nati za shaba nyeupe ni nzito kwa gramu chache mno, na zinastahimili miaka. Basi ombeni shaba. Rudieni nami: ombeni shaba! Na muombe nati zilizo nje, ambazo fundi anaweza kuzifikia kwa ufunguo bila kuvua tairi. Spoki ziwe za chuma kisichoshika kutu, zile zenye kichwa kilichopinda kama ndoano, kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Spoki maalumu ya kampuni fulani ikikatika wiki mbili kabla ya mashindano, utaisubiri uwanja wa ndege.

Idadi ya spoki nayo isiwe ya kujionyesha. Mtu wa uzito wa kati anatosheka na 20 mbele na 24 nyuma. Akizidi kilo 85, au akiwa anafanya mazoezi kwenye njia zetu zenye mashimo, namshauri 24 na 28. Hewa ataipoteza kidogo sana, na atalala usingizi.

Kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, uliza namba ya beringi. Habu nyingi nzuri za bei nafuu hutumia beringi za saizi za kawaida kama 6902, ambazo ni zile zile zinazotumika kwenye mashine nyingine na unaweza kuzipata kwenye duka la beringi badala ya duka la baiskeli. Beringi za kauri achaneni nazo. Beringi ya chuma iliyofungwa vizuri, inayobadilishwa kila mwaka kabla haijaanza kulia, ndiyo beringi ya pwani.

Uzito? Naupita haraka. Kwenye barabara tambarare kama yetu, gramu 200 hazina la kusema.

Bei, sasa. Magurudumu ya majina makubwa ya Marekani na Ulaya mara nyingi hufika dola 2,000 na kupita. Kuna viwanda vya China, vingine vilivyo Xiamen ambako ringi nyingi za kaboni za dunia huzaliwa, vinavyouza moja kwa moja kwa mnunuzi kwa dola 400 hadi 700, na ubora wa vile vyenye sifa umepanda hadi ni vigumu kuvidharau. Juu ya bei hiyo weka usafirishaji na ushuru, na uviulize kabla ya kulipa. Wengine hupendelea mitumba. Sina pingamizi, maadamu ringi umeitazama juani, umeipapasa kwa kidole ndani na nje, na umeigonga kwa sarafu pande zote. Kaboni nzima hulia kwa sauti kali ya aina moja. Penye ufa ndani, sauti inakuwa butu. Ikiwa baiskeli yako ni ya zamani yenye breki za kubana ringi, tafuta ringi yenye ukingo wa alumini na kifuniko cha kaboni, kwa sababu kaboni tupu hupata joto kwenye breki na mvuani haishiki vizuri.

Jambo moja la hatari, na hapa naomba kimya. Ringi nyingi za kaboni siku hizi hazina ndoano ya kushikia tairi. Ringi hizo zinataka tairi zilizoidhinishwa kwa ajili yake, na upepo usizidi baa 5, ambazo ni pauni 72 hivi. Nani hapa bado anajaza pauni 110 kwa mazoea? Inueni mikono, msione haya. Naona wengi. Ukifanya hivyo kwenye ringi isiyo na ndoano, tairi inaweza kuruka na kutoka ukiwa kwenye mwendo. Kama wewe ni wa kujaza upepo kwa kubahatisha, nunua ringi yenye ndoano na uache mabishano.

Tairi yenyewe isiwe pana kuliko ringi. Ringi iizidi tairi kwa upana walau kwa asilimia 5, kanuni ambayo Josh Poertner, aliyekuwa mhandisi wa Zipp, kampuni ya magurudumu ya Marekani, aliieneza. Tairi ikivimba nje ya ringi, hewa inajikwaa pale, na kina chote ulichokilipia kinapotea. Halafu usiweke tairi ya mazoezi, ngumu kama ya mkokoteni, kwenye gurudumu la laki moja. Tofauti kati ya tairi nzito na tairi nzuri ya mashindano inaweza kufikia wati 10 au zaidi kwa jozi, na tairi ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kati ya yote niliyoyataja leo.

Pale karibu na mlango nimeweka magurudumu matatu: moja la milimita 50 la mteja wangu ambalo lina miaka minne ya chumvi, moja jipya kutoka kwenye boksi, na gurudumu la nyuma la kawaida, kifuniko chake kikiwa pembeni. Bei sijaziandika. Tutakapotoka kunywa kahawa, kila mmoja apite, alizungushe, apige spoki kwa ukucha na asikilize, kisha aniambie ni lipi kati ya hayo matatu lililoungwa vibaya. Moja lipo.